Kompyuta haijui 2 huja kabla ya 10, na kosa si lake

“Mwalimu, huyu si mimi.”

Hivyo ndivyo msichana mmoja wa kidato cha pili alivyosema akirudisha kitambulisho chake kipya cha shule. Jina lilikuwa lake. Namba ilikuwa yake. Sura ilikuwa ya mvulana anayeketi nyuma ya darasa. Kabla kengele ya mapumziko kulia, meza ya naibu wa mwalimu mkuu ilikuwa imejaa vitambulisho vilivyorudishwa, na simu yangu ilikuwa inalia bila kukoma.

Mimi ndiye niliyevitengeneza. Kibarua chenyewe kilionekana rahisi kama kunywa maji. Shule ilinipa orodha ya wanafunzi 118 kwenye jedwali, kila mmoja na namba yake. Nikaenda na kamera, nikawapiga picha wakifuatana kama walivyo kwenye orodha, kisha nikazipa faili majina ya kawaida tu: 1.jpg, 2.jpg, 3.jpg, mpaka 118.jpg. Kuliko kuketi usiku kucha nikibandika picha moja moja, niliandika skripti fupi ya Python. Iingie kwenye folda, isome orodha ya faili, izipange kwa jina, halafu ichukue picha ya kwanza impe mwanafunzi wa kwanza, ya pili impe wa pili, na kuendelea hivyo hivyo. Mistari kama 15 hivi. Nilijiona mjanja sana.

Skripti ikamaliza kazi kabla chai yangu haijapoa. Nikafungua kadi ya kwanza kuhakikisha. Iko sawa! Jina sawa, namba sawa, sura sawa. Nikapeleka zote kuchapishwa River Road kwa Sh120 kila moja.

Kadi ya kwanza kweli ilikuwa sawa. Ndiyo peke yake. Kati ya 118, zile 117 zilizobaki zote zilikuwa na sura ya mtu mwingine. Mwanafunzi wa pili alipewa sura ya yule wa kumi. Wa tatu alipewa sura ya wa mia. Picha ya yule msichana wa “huyu si mimi” ilienda kuishia kwenye kadi ya mwanafunzi namba 31.

Sasa, kama umewahi kuandika hata skripti moja maishani, pengine tayari umetabasamu kwa sababu unajua nilipoanguka. Kama hujawahi, usiende mbali, kwa sababu jambo hili litakufikia tu. Siku hizi kila kijana mwenye laptopu ana folda fulani anayotaka kompyuta impangie: picha za harusi, risiti za biashara, nyimbo, ripoti za chama, vyeti vilivyoskaniwa.

Ukimwambia binadamu apange kwa jina, anasoma 2 na 10 kama hesabu. Kompyuta haisomi hesabu kwenye jina la faili. Inaona herufi na alama zikiwa zimefuatana, basi. Inalinganisha alama ya kwanza na ya kwanza, na tofauti ya kwanza inayopata ndiyo inayoamua. Ni kama kamusi: “baba” hutangulia “bi” hata kama “bi” ni fupi, kwa kuwa “a” iko mbele ya “i”. Vivyo hivyo 10 inatangulia 2, kwa kuwa 1 iko mbele ya 2, na hapo mchezo umekwisha. Ile sufuri haifikiwi kabisa. Kwa hivyo mpangilio wa folda yangu ulikuwa 1, 10, 100, 101, na kuendelea mpaka 109, kisha 11, kisha 110. Namba 2 ilikuja kuonekana nafasi ya 31. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Ilifanya nilichoiambia.

Utaniuliza, wewe hukuiona hiyo folda kabla? Niliiona! Na hapo ndipo pananiuma zaidi. Nilipoifungua kwenye Windows, nilionyeshwa 1, 2, 3, 4, mpaka 118, zimejipanga kama askari kwenye gwaride. Sababu ni kwamba tangu enzi za Windows XP, dirisha la kuonyesha faili hutambua tarakimu ndani ya jina na kuzipanga kama hesabu. Mac pia hufanya hivyo. Ni huruma kwa macho ya binadamu. Lakini skripti haipiti kwenye lile dirisha. Inaenda moja kwa moja kwenye diski, na ukiiambia “sorted” inapanga herufi kwa herufi. Yaani nilikuwa naangalia mpangilio mmoja huku programu yangu ikitumia mwingine.

Mtindo wa kuangalia skrini na kusema “si naona iko sawa” ndio ninaotaka tugombane nao leo. Wengi wetu tulijifunza kuandika programu kwa video za YouTube na kozi za miezi mitatu. Sizidharau, mimi mwenyewe ni zao la huko. Lakini wiki ya pili tayari unafundishwa kutengeneza tovuti inayong’aa, wiki ya sita unaambiwa habari za akili unde, na hakuna siku hata moja unayoketishwa chini uulizwe: faili zako zinakuja kwa mpangilio gani, na nani aliyeamua hivyo?

Na kupanga kwa herufi angalau ni mpangilio unaoeleweka. Kuna balaa kubwa zaidi, nayo ni kutopanga kabisa.

Katika Python, amri ya kawaida ya kuorodhesha folda ni os.listdir. Maelezo rasmi ya lugha hiyo yanasema waziwazi kwamba orodha inayorudishwa haina mpangilio maalum. Watu hawasomi hapo. Wanaijaribu kwenye laptopu ya Windows, wanaona majina yametoka yamepangwa vizuri, wanaamini ndivyo ilivyo. Kumbe ni jinsi diski ya Windows inavyohifadhi majina: huyaweka kwenye faharasa iliyopangwa, kwa hivyo hutoka yamepangwa kama bahati. Chukua skripti hiyo hiyo uipeleke kwenye seva ya Linux. Diski za huko mara nyingi hutumia mfumo wa ext4, ambao huyapitisha majina kwenye hesabu fulani ili yatafutwe haraka, na orodha hutoka kwa mfuatano wa matokeo ya hesabu hiyo. Kwa macho yako ni kama mtu amechanganya karata. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu. Skripti inaendelea na kazi, inakupa majibu, na majibu ni ya uongo.

Kama unadhani haya ni makosa ya sisi wa vibarua vya mtaani, hebu twende Hawaii.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii kule Manoa walikuwa wakichunguza kemikali zinazotengenezwa na aina fulani ya bakteria wa majini, wale wanaotumia mwanga wa jua kama mimea. Ili kujua umbo la molekuli, wanakemia huipima kwa nguvu za sumaku, kisha hulinganisha vipimo na hesabu za kompyuta. Kwa hesabu hizo walitumia skripti za Python zilizochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la Nature Protocols, kazi ya wanakemia Patrick Willoughby, Thomas Hoye na mwenzao. Skripti hizo zilikuwa zimeaminika na kutumiwa na wengi.

Mwanafunzi wa uzamifu, Yuheng Luo, alipokuwa akirudia hesabu hizo, namba zake zilikataa kulingana na zilizopatikana awali. Faili ni zile zile. Skripti ni ile ile. Walipoanza kujaribu kompyuta tofauti tofauti, mambo yakawa hivi: kwenye Windows 10 na Mac ya zamani kidogo jibu lilikuwa 173.2, kwenye Mac mpya zaidi likawa 172.7, na kwenye Linux aina ya Ubuntu likawa 172.4. Wewe unaweza kusema hiyo ni tofauti ndogo. Kwa mwanakemia anayeamua molekuli ni hii au ni ile, si ndogo.

Chanzo? Skripti ilikuwa inasoma faili za aina mbili kutoka kwenye folda na kuzioanisha kwa kufuatana: ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Walioiandika walidhani orodha itatoka imepangwa. Kwenye kompyuta zingine ilitoka imepangwa, kwenye zingine haikutoka. Hakuna mahali skripti ilipoambiwa “panga”. Watafiti wa Hawaii, wakiongozwa na Philip Williams, waliandika kasoro hiyo kwenye jarida la Organic Letters mwaka huo huo, na makala zaidi ya 100 za kisayansi zilizotumia skripti hizo zikaingia kwenye orodha ya zinazofaa kukaguliwa upya. Dawa yenyewe ilikuwa fupi kuliko ujumbe wa WhatsApp: panga orodha kabla ya kuitumia.

Nilipoisoma habari hiyo nilipumua kidogo, nikajua kumbe siko peke yangu. Halafu nikaingiwa na baridi. Kama maprofesa walikaa miaka mitano bila mtu kuona, ni skripti ngapi hapa kwetu zinazooanisha vitu kwa kufuatana hivi sasa tunavyoongea? Fikiria ni barua za basari, barua ya kwanza inaenda kwa barua pepe ya kwanza. Fikiria ni picha za eksirei kwenye kliniki. Kitambulisho chenye sura ya mwingine kinajulikana papo hapo, maana kila mtu anajua uso wake. Nani anajua mapafu yake yanavyofanana?

Tuje sasa kwenye majina ya watu, maana hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa.

Jedwali ambalo kompyuta hutumia kujua alama ipi iko mbele ya ipi lina asili yake Marekani, mwaka 1963, kwenye orodha ya alama inayoitwa ASCII. Herufi kubwa zilipewa nafasi zake mwanzo, zile ndogo zikawekwa baadaye, mwaka 1967, na zikakaa nyuma ya kubwa. Ndiyo maana mpaka leo ukipanga kwa njia ya kawaida ya Python, Zawadi aliyeandikwa kwa herufi kubwa anamtangulia amina aliyeandikwa kwa ndogo. Kubwa zote kwanza, ndogo baadaye. Hapo mtu anaweza kucheka tu, abadilishe majina yote yawe herufi ndogo wakati wa kupanga, maisha yaendelee.

Sasa mlete Ng’eno. Mlete Ng’ang’a. Ile ritifaa uliyofundishwa shule ya msingi, kompyuta inaijua kwa sura mbili tofauti. Kuna ile iliyonyooka, ya kwenye kibodi, ambayo iko mbele ya herufi zote. Na kuna ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia na simu zingine huiweka zenyewe bila kukuuliza, na nafasi yake iko mbali sana nyuma ya z. Kwa hivyo Ng’eno mmoja akiandikwa na karani kwa ritifaa iliyonyooka anakaa mbele ya Ngala. Ndugu yake, jina lile lile, akiandikwa kwa ile iliyopinda anatupwa nyuma ya Nguyo. Kwa macho majina hayo yanafanana kabisa. Na Mũthoni akiandikwa vizuri kwa herufi ya Kikuyu, badala ya kumtangulia Mwikali anakuja baada yake, kwa sababu ile ũ haikuwa kwenye jedwali la mwanzo kabisa. Ilikuja kuongezwa huko mwishoni, nyuma ya z.

Ukiniambia hilo ni jambo dogo, nitakuuliza kama umewahi kutafuta jina lako kwenye orodha ndefu iliyobandikwa ukutani. Unaenda mahali linapofaa kuwa. Halipo. Unatazama juu kidogo, unatazama chini kidogo, watu wanakusukuma. Unaondoka ukijua hukuchaguliwa, na kumbe jina lako liko kurasa nne mbele. Aliyeandika skripti hakukuchukia. Alipanga kwa jina tu, akaamini kupanga kwa jina ni kitu kimoja duniani kote. Ziko njia za kuiambia lugha ya skripti ifuate kanuni za alfabeti fulani, na hata bila hizo unaweza kubadilisha ritifaa zote ziwe za aina moja kabla ya kupanga. Dakika tano. Lakini ni lazima kwanza mtu ajue kuna swali la kuulizwa, na sisi ndio tunaofaa kuliuliza. Mtu wa California hana shangazi anayeitwa Ng’endo.

Basi tufanyeje? Marafiki zangu wa programu hunijibu haraka: tumia kifurushi cha kupanga kiasili, kinachosoma tarakimu kama hesabu. Ni kweli vipo, na lugha ya PHP inayo amri yake kabisa, natsort. Sina ugomvi navyo. Ila naona ni kama kununua viatu vya mvua badala ya kuziba paa. Faili yenye jina zuri hujipanga popote utakapoipeleka, hata kwa mtu asiye na kifurushi chako. Weka sufuri mbele: 001, 002, 010, 118. Hapo herufi na hesabu zinakubaliana, na kila kompyuta itakupa jibu moja.

Tarehe nazo, andika mwaka kwanza. Sisi tumezoea 15-01-2024, lakini ukipanga kwa jina, ripoti ya 02-12-2024 inakuja mbele yake, Desemba kabla ya Januari. Andika 2024-01-15 na 2024-12-02, shida imeisha. Kuna kanuni ya kimataifa ya mtindo huo, ISO 8601, tangu 1988. Na kama unadhani ni mambo ya wazungu, fungua simu yako ya Android uangalie picha ulizotumiwa kwa WhatsApp: jina linaanza na IMG, halafu mwaka, mwezi, siku, halafu namba yenye sufuri mbele. Walioitengeneza walijua. Wewe ndiye unayezichukua picha hizo nzuri na kuziita “harusi mpya”, “harusi mpya 2” na “harusi mpya ya mwisho kabisa”.

Lakini somo nililolipia pesa ni lingine, na sikulielewa siku ile. Hata kama ningepanga vizuri, ule mtindo wa “ya kwanza apewe wa kwanza” ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Mwanafunzi mmoja tu asingefika siku ya picha, kila mtu baada yake angesogea nafasi moja, na sura zingehama tena. Nilifaa kuipa kila picha namba ya usajili ya mwanafunzi, kisha skripti itafute: huyu ana namba hii, iko wapi picha yenye namba hii? Ikikosekana, isimame ipige kelele. Nafasi kwenye foleni si jina la mtu. Leo uko wa tatu, kesho mtu anachomeka, unakuwa wa nne.

Najua sasa utasema unaweza kuiagiza akili unde ikuandikie hayo yote. Iagize, mimi pia huiagiza. Mara nyingi itakuwekea “sorted” bila hata kuambiwa. Ila haijaiona folda yako. Haijui kama 7 ni mtu au ni siku, haijui karani wako hutumia simu gani kuandika Ng’ang’a. Na ikikosea, hakuna mwalimu atakayeipigia simu.

Mimi nilipigiwa. Kuchapisha upya kadi 117 kulinigharimu Sh14,040 kutoka mfukoni mwangu, na faida yote ya kibarua ikaenda na upepo. Nilirudi shuleni siku ya Alhamisi na boksi langu. Naibu hakutaka kusikia habari ya herufi na tarakimu. Alivuta kiti, akaita wanafunzi ofisini mmoja mmoja, akashika kila kadi kando ya uso wa mwenyewe, akaangalia, akaiangalia tena, ndipo akatoa. Ilichukua karibu saa tatu, nami nimesimama pale ukutani kama mtuhumiwa. Yule msichana alipokuja aliipokea yake, akaigeuza nyuma na mbele, akasema “sawa” na kwenda zake.

Tulipokuwa tunafunga boksi, mwanafunzi mmoja akabisha hodi. Alikuwa namba 1. Alikuja kuuliza mbona yeye peke yake hakupewa mpya.